Yaya Mwenye Mfuko wa Visu

Ofisini walimwita Kufuli, na yeye hakuona ubaya wa jina hilo. Alikuwa mtengeneza programu wa manispaa, mtu wa maneno machache, na kazi iliyompa jina aliimaliza asubuhi moja. Kabla yake, fomu ya leseni za wafanyabiashara wadogo ilikuwa na kisanduku cha "Kazi", na makarani walijaza humo lolote lililotoka mdomoni mwa mteja: fundi, fundi wa kila kitu, anahangaika, Mungu ndiye ajuaye. Mkurugenzi akiuliza mji una maseremala wangapi, watu waliangalia viatu vyao. Kufuli akapanga orodha ya kazi kwa alfabeti, kuanzia Bawabu hadi Yaya, akaifunga. Tangu hapo karani alibofya, orodha ikashuka, akachagua. Akijaribu kuandika neno lake mwenyewe, kibodi ilimnunia. Asiyekuwemo alikuwa na mstari wake: Mengineyo.

Kufuli aliipenda orodha ile jinsi watu wengine wanavyopenda ua lililofagiliwa. Duniani kila kitu kilimwagika. Humo hakikumwagika kitu.

Ripoti ya kwanza ilionyesha kwamba mji umejaa yaya. Mkurugenzi alifurahi. "Watoto wetu wanalelewa," alisema, akaipeleka juu.

Jioni moja Kufuli alirudi nyumbani akamkuta baba mkwe wake sebuleni, amekaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mzee alikuwa mnoa visu. Maisha yake yote alizunguka na baiskeli iliyofungwa jiwe la kunolea, akikusanya visu vya mahoteli na mabucha na kuvirudisha vikiwa na makali ya kupasua unywele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekamatwa."

"Na nani?"

"Na askari. Kaniona na mfuko wa visu, nikampa leseni yenu mpya. Akaisoma. Akaniangalia. Akaisoma tena. 'Mzee, wewe ni yaya?' Nikamwambia ndivyo manispaa inavyosema. Akaniuliza, 'Na visu vyote hivi, unalea nini?'"

Mke wa Kufuli, aliyekuwa akimlisha mtoto, aligeukia ukutani. Mabega yalimtikisika.

"Cheka tu, binti yangu. Visu viko kituoni mpaka nilete leseni inayosema ninachofanya. Na si vyangu. Mwenye bucha ameshaanza kuniita mwizi."

Hapo mabega yakatulia.

Kesho yake Kufuli aliketi nyuma ya karani wa dirisha la pili. Alikuja mteja anayetengeneza miavuli. Karani akamchagulia Mengineyo. Kisha, ili akifikie kitufe cha kuhifadhi kilichokuwa chini kabisa ya fomu, akazungusha gurudumu la kipanya. Fomu haikusogea. Iliyosogea ni orodha, mstari baada ya mstari, kimyakimya, mpaka ikagota mwisho. Karani akahifadhi.

"Dada, umemfanya yaya."

"Nani, mimi? Mimi nimechagua Mengineyo."

"Angalia."

Akaangalia. "Kaka Kufuli, hiyo orodha ni yako. Mimi hata herufi siruhusiwi kuandika."

Kufuli aliligusa lile gurudumu kwa kidole. Alikuwa ameufungia mkono mlango, akaliachia gurudumu dirisha.

Kulinyamazisha gurudumu hakukumchukua muda wa kumaliza chai. Lakini hilo lilimrudisha mzee kwenye Mengineyo tu, na askari hatoi visu kwa Mengineyo. Mstari mpya ulihitaji kamati.

"Kamati itakaa lini, mkuu?"

"Ikikaa," alisema mkurugenzi.

Mzee akabaki kwao. Alinoa visu vya jikoni, mikasi, majembe ya jirani. Mke wa Kufuli akaanza kwenda kazini na plasta kidoleni. Vya kunoa vilipokwisha, mzee akabaki na mtoto. Alimbeba akizunguka naye uani, akamkalisha mbele ya jiwe na kulizungusha bila kisu, na mtoto akalala kwa mvumo ule kama aliyeimbiwa. Kufuli aliwaona kutoka mlangoni. Alimwona pia mzee anavyoitazama barabara kila baiskeli ilipopita.

Kamati haikukaa. Ijumaa, bila barua wala saini ya mtu, Kufuli aliifungua orodha yake. Aliandika Mnoa Visu, akaifunga tena, akamchapia mzee leseni mpya.

Mkurugenzi alimwita na ripoti mpya mkononi.

"Yaya wamekwenda wapi?"

"Hawakuwepo, mkuu."

"Nimeshawapeleka juu."

"Najua."

Kidole cha mkurugenzi kikashuka kwenye karatasi, kikasimama. "Na huyu mnoa visu mmoja?"

"Yeye yupo."

Mkurugenzi akafunua ukurasa.

Mzee alirudi kutoka kituoni na mfuko begani, unagongana chuma kwa chuma. Kufuli alinyoosha mkono apokee leseni ya zamani, maana sheria ilitaka irudishwe. Mzee hakuitoa. Mtoto alikuwa ameshamng'ang'ania mguu.

"Hiyo fomu yenu haikubali kazi mbili?"

"Haikubali, baba. Inachagua moja tu."

Mzee akaitazama leseni ya yaya mara nyingine, akampa.

"Basi uliifunga vizuri," alisema, akauweka mfuko juu ya kabati, mbali na mtoto, kabla hajamnyanyua.