Bei ya Mto wa Sufi

Kanisani walimwita Mara Mbili, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ibada ikiisha, watu walitoka uani, na vitu vilivyoletwa na wasio na fedha za sadaka vikapigwa mnada: jogoo, debe la mahindi, kitambaa cha meza kilichofumwa kwa mkono. Mnadishaji alikuwa fundi redio mwenye sauti isiyohitaji redio. Alitaja bei, watu wakaipandisha kwa haya, kidogokidogo, na ilipokaribia kutulia, mkono wa kulia wenye saa nene uliinuka nyuma ya umati.

"Mara mbili!"

Hapo ni makofi na vigelegele. Aliwahi kununua yai moja kwa bei ya kuku watatu, na kuku aliyelitaga alikuwa palepale, kafungwa miguu, anasubiri zamu yake.

Tusimwonee lakini. Hakuwa mnafiki wa kujijua. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kila mkono ule unapopanda, kuna akiba inawekwa kwa jina lake kule juu, mahali pasipo na kutu wala wezi. Kilichomshinda kuamini ni kwamba Mungu anaona hata pale ambapo hakuna umati. Kwa hiyo siku za kazi, ambazo umati haupo, alikuwa mkono wa birika asiye na mfano.

Aliuza magodoro. Duka lake lilikuwa barabara kuu, magodoro yamepangwa mpaka darini, na wafanyakazi wake wawili walikunywa chai ya rangi bila sukari kwa sababu sukari, alisema, inaleta usingizi. Nyumbani kwake hakukuwa na godoro la nyumbani. Familia ililalia magodoro ya dukani, yakiwa ndani ya nailoni zake, na baada ya miezi kadhaa yalifutwa kwa kitambaa kibichi, yakarudishwa dukani kuuzwa kama mapya, yakaletwa mengine. Watoto wake walikua wakilala juu ya nailoni, mgongo umelowa jasho, na kila aliyejigeuza usiku nyumba nzima ilisikia. Aliyethubutu kuitoboa alichapwa. Mkewe alilalamika mwaka wa kwanza wa ndoa, akazoea, na mwisho akawa yeye ndiye anayekagua nailoni kila asubuhi, maana mtu huishia kufanana na nyumba anayolala.

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, na huyo ndiye aliyemlea. Wazazi walipokufa, dada alikuwa binti tu, akaingia kazi ya kushona magodoro ya sufi. Alichambua sufi kwa vidole, akaitoa mbegu, akaishindilia ndani ya marikani, akaishona kwa sindano ndefu kama kiganja, kuanzia kunapokucha hadi taa ya chemli ilipoishiwa mafuta. Ada ya shule ya mdogo wake ilitoka kwenye sindano ile. Mtaji wa duka nao ulitoka hapohapo. Na duka lilipofunguliwa na kuuza magodoro ya sponji, wateja wa dada walivuka barabara mmoja mmoja wakaingia kwa mdogo mtu. Dada alicheka tu. Alisema mtoto akikuzidi urefu humkati miguu, unafurahi umemlisha vizuri.

Akabaki anashona mito, kwa wazee wachache ambao shingo zao zilikataa sponji.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Aliona taa zina duara kama upinde wa mvua, halafu akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Daktari wa macho akamwambia ni presha ya macho, afanyiwe upasuaji mapema, kwa sababu kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Akamtajia gharama. Dada alipiga moyo konde akaenda dukani kwa mdogo wake asubuhi ya Jumanne, saa ambayo hakuna wateja. Alichagua saa hiyo ili asimwaibishe. Hapo ndipo alipokosea.

"Karibu, dada. Kaa hapo, ila usikae kwenye hilo, limeshalipiwa."

Dada alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alieleza yote, na kiasi akakitaja. Mara Mbili alisikiliza akiwa anafuta vumbi juu ya kaunta isiyo na vumbi.

"Pole sana, dada. Umenikuta vibaya. Hela yote niliyonayo sasa nimeshamwahidi Mungu. Spika za kanisa zile. Ingekuwa yangu ningekupa hata sasa hivi, lakini hiyo siyo yangu tena."

"Mdogo wangu, Mungu hawezi kusubiri spika mwezi mmoja? Mimi macho hayasubiri."

"Usiseme hivyo, dada, ni kufuru. Sikiliza. Jumapili njoo kanisani, simama mbele, eleza shida yako. Mimi nitaanza kutoa, na wengine watanifuata. Hapo utaona maajabu."

Dada alikuwa mtu mpole, lakini mpole si mjinga.

"Unataka macho yangu yapigwe mnada?"

"Ni kusaidiana tu, dada. Wewe nawe!"

"Nimekuja kwako kama ndugu. Kama siwezi kupewa tukiwa wawili, basi sitapewa." Akainuka, akapapasa rundo la magodoro akitafuta mlango. Mara Mbili alimwangalia akipapasa, akasema kwa sauti ya huruma, "Angalia usichane nailoni."

Jumapili iliyofuata dada alikwenda kanisani, kama kila Jumapili. Hakusimama mbele. Hakuwa na sarafu ya sadaka, nauli ya hospitali ilikuwa imemkausha, kwa hiyo alileta alichokuwa nacho, mto mmoja wa sufi alioushona kwa kupapasa, mishono imekwenda kombo kidogo upande mmoja. Akauweka pamoja na majogoo na madebe, akarudi kukaa nyuma.

Fundi redio aliuinua mto juu. "Huu wa dada yetu fundi! Nani analala vizuri leo?" Bei ikaanza chini kabisa, kwa kicheko. Bibi mmoja akaongeza. Mwalimu wa kwaya akaongeza. Na Mara Mbili akaona watu wanamtazama, yeye na dada yake, wanasubiri. Damu ikamchemka kwa furaha.

"Mara mbili!"

Makofi. Mfanyabiashara wa mbao, aliyekuwa akimwonea kijicho siku nyingi, akapandisha. "Mara mbili!" Yule wa mbao akapandisha tena, uso umemvimba. "Mara mbili!" Na walipofika hapo, Mara Mbili alishtuka, kwa sababu hesabu alikuwa anaijua sana, ndiyo kazi yake. Bei iliyosimama hewani ilikuwa ndiyo ile ile aliyotajiwa na dada yake Jumanne, akiwa amekaa kwenye ndoo. Aliitambua kama mtu anavyomtambua mdai wake barabarani. Angeweza kusema neno moja. Angeweza kusema, fedha hii iende hospitali, na watu wangelia kwa furaha. Lakini yule wa mbao alikuwa amekunja mikono, kashindwa, na makofi yalikuwa yameshaanza, na spika ni kitu kinachoonekana miaka na miaka. Akalipa, akainua mto juu ya kichwa chake, akazunguka nao ua mzima kama kombe la mpira.

Dada alikuja akampa mkono. "Mungu akubariki, mdogo wangu. Ulalie salama."

Mto uliishia stoo, juu ya makopo ya rangi. Jicho la kushoto la dada lilipofuka kabla mwaka haujaisha, na la kulia likalifuata bila kukawia. Spika zilinunuliwa. Zilikuwa na sauti nzuri kweli, na dada alikuwa wa kwanza kuzisifia, maana sasa alibakiwa na masikio.

Kiharusi kilimpiga Mara Mbili dukani, anapanga magodoro. Alianguka juu ya sponji na hata hakuumia. Alipozinduka hospitalini, mkono ule wa saa nene ulikuwa umekufa, na wa pili nao, na miguu, na ulimi. Akili ilibaki nzima, timamu, haikupungua hata chembe. Nesi alimfundisha mkewe: kope bado zinatii, muulize swali, akifumba macho kwa nguvu maana yake ni ndiyo.

Wakamrudisha nyumbani, wakamlaza kwenye godoro zuri kuliko yote dukani, la inchi nane, ndani ya nailoni yake. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Walifanya walivyofundishwa. Mkewe alikagua nailoni kila asubuhi, na akiona haijachanika aliridhika. Jasho lilikusanyika chini ya mgongo wa mgonjwa, ngozi ikalainika, ikachubuka, vidonda vikafunguka kiunoni. Mchana kutwa aliangalia dari. Lakini wageni wa kanisa wakipiga hodi, nyumba iligeuka: mashuka meupe, marashi, mke anamlisha uji kwa kijiko huku akimwimbia. Wageni walitoka wanafuta machozi. "Ana mke jamani!" Wakishafika getini, mke aliweka kijiko chini, na uji uliobaki ukapoa ukaota ngozi. Mara Mbili aliutazama kwa njaa. Alielewa barabara. Ndani ya nyumba yake hakuna kilichohesabika kama hakikuonekana, na aliyeweka sheria hiyo alikuwa yeye.

Jumapili walimvisha suti, wakampeleka kanisani kwa kiti cha magurudumu, wakamweka mbele kabisa. Mke alikuwa amekwisha kueleza watu ile habari ya kope. Siku moja kwenye mnada, nzi akatua kwenye jicho la Mara Mbili. Akafumba kwa nguvu. Mbuzi alikuwa anauzwa.

"Kafumba!" fundi redio akapiga kelele. "Mara Mbili kasema ndiyo! Hata kiharusi hakijamweza!"

Kanisa likalipuka kwa shangwe. Nzi hakuondoka. Akafumba tena, na tena, na mbuzi akapanda bei hadi ya ng'ombe. Mke alilipa huku anatabasamu, meno yote nje, na walipofika nyumbani alikisukuma kile kiti hadi chumbani kwa nguvu kiasi cha kugonga ukuta.

"Hukutosheka kunifilisi ulipokuwa mzima," alisema, "na sasa umenyamaza bado unanifilisi." Hakumpeleka kanisani tena.

Tangu hapo Jumapili asubuhi alibaki peke yake. Na ndipo dada alipoanza kuja. Alichagua saa hiyo kwa sababu wifi yake hakumpenda, na kwa sababu hakutaka shukrani za mtu. Alifuata ukuta wa majirani kwa kiganja hadi getini, mlinzi akamfungulia. Alipoingia chumbani mara ya kwanza alinusa, akajua. Akampapasa mdogo wake mgongoni, vidole vikagusa nailoni, vikagusa kidonda.

"Yesu wangu," akasema.

Akaishika nailoni kwa mikono yote miwili, mikono iliyoshindilia sufi miaka mingi, akaichana kutoka mguuni hadi kichwani. Mara Mbili alisikia ule mlio, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke alitaka kucheka. Dada alimwosha, akamgeuza, akapapasa stoo hadi akaukuta mto wake, akaukung'uta vumbi, akamwekea chini ya kichwa. Kisha akaanza kumlisha uji aliokuja nao.

Kijiko kiligonga shavu. Kiligonga pua. Uji ukamtiririka shingoni. "Samahani," dada alisema kila mara, "samahani, mdogo wangu, mdomo wako uko wapi?" Akatafuta midomo kwa kidole, akapata, akakosa tena. Njaa ya Mara Mbili ilikuwa kali, na kila kijiko kilichokosa alijua bei yake. Hakuna aliyemweleza. Aliijua mwenyewe.

Machozi yakaanza kumtoka. Yakachanganyika na uji, na dada akayapangusa yote kwa kitambaa kimoja, hakujua kipi ni kipi.

"Kuna kitu kimenikaa rohoni siku nyingi," dada alisema, kijiko kikiwa hewani. "Watu waliniambia vibaya juu yako. Walisema ile siku ya mto ulijua kwamba fedha ile ndiyo gharama ya macho yangu, ukaitoa hivyo hivyo. Nikawaambia hapana. Yule nimemlea mimi, hawezi kujua kisha akafanya. Sasa nakuuliza mwenyewe, maana wanasema unajibu, hata mguno mdogo utanitosha. Ulijua?"

Mara Mbili alifumba macho. Alifumba kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akafumbua, akafumba tena, kope zikamtetemeka, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Hakuwahi kutoa kitu chochote kwa moyo namna ile. Ndiyo, dada. Nilijua. Nisamehe. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kuona.

Dada alisubiri, uso ameuelekeza pembeni kidogo, upande wa kabati. Alitega sikio. Hakusikia kitu.

"Nilijua tu," alisema, akatabasamu. "Hukujua."

Akachota uji mwingine, akaupeleka taratibu, na ukamwangukia shavuni.