Pumzi ya Kanakavalli

Kwa miaka kumi na moja, kila Kanakavalli alipolia kwenye sinema, machozi yalikuwa yake lakini kilio kilikuwa cha Vatsala Karnik, mke wa karani wa reli, mkazi wa ghorofa ya tatu katika jengo kongwe la Dadar, Bombay. Waliolijua jambo hilo hawakuzidi kumi. Mkataba ulimkataza kulisema, na Vatsala hakuwa mtu wa kuropoka.

Kanakavalli aliletwa Bombay kutoka Kumbakonam, kwa Watamil, akiwa na miaka kumi na tisa, macho makubwa, na miguu iliyofunzwa kucheza tangu utotoni. Mbele ya kamera hakuwa na mpinzani. Balaa ilikuwa kufungua mdomo. Kihindi kimejaa herufi za kusukuma kwa pumzi, na yeye pumzi hizo hakuzaliwa nazo. Akitamka maneno ya mahaba, mafundi wa taa walikuwa wakigeukia ukutani wacheke. Mtayarishaji wake, Bwana Lalwani, alishika kichwa. Ndipo Framroze, mzee wa Kiparsi aliyesimamia mitambo ya sauti, alipomkumbuka mwanamke aliyekuwa akiwasomea watoto hadithi redioni, aliyekulia Banaras na kuongea Kihindi kama anayemimina maziwa.

"Binti yangu," alimwambia Vatsala siku ya kwanza, akimvisha visikilizio, "usiigize. Yule ameshaigiza. Wewe mpe pumzi tu."

Akampa. Sinema ile ilikaa kumbini wiki ishirini na tano mfululizo. Zikafuata nyingine kumi na tatu. Kanakavalli akawa picha kwenye kalenda za vinyozi na jina la watoto wachanga. Vatsala akawa mtu wa kunong'ona. Alijaribu mara moja kumfokea muuza biringanya, soko zima likageuka. "Hebu rudia tena, dada! Umemwiga Kanaka barabara!" Tangu siku hiyo alikuwa akinunua mboga kwa kunyoosha kidole.

Wanawake hao wawili hawakuwa marafiki, wala hawakuwa maadui. Kanakavalli alikuwa na adabu. Kila walipoingiza sauti alikuja chumbani, akakaa kwenye kigoda nyuma ya Vatsala, akayarudia mateso yote ya kwenye picha kwa uso na mabega, kimya kimya, ili mwenzake ajue pumzi inapandia wapi. Kisha aliinama kidogo, akaondoka. Mwaka alipopewa tuzo kubwa ya uigizaji, alimshukuru mama yake, mwalimu wake wa ngoma na Mungu wa hekalu la mlimani kwao. Vatsala alisikiliza redioni, jikoni, huku akimenya njegere.

"Haya," mama mkwe wake alisema, akiizima redio. "Mdomo umekwenda kupewa tuzo, ulimi umeachwa nyumbani na njegere."

"Mama, ni mkataba."

"Mkataba ungekuwa na uso, nao ungeona aibu."

Vatsala alicheka. Lakini usiku ule njegere hazikumpita kooni.

Koo lenyewe lilianza kumsumbua mwaka 1977. Mwanzoni alidhani ni vumbi la mvua zilizochelewa. Alikunywa maziwa ya unga wa manjano, akasukutua maji ya chumvi, bila kumwambia mumewe Madhav. Ilipofika Agosti sauti ilikuwa ikikatika katikati ya neno kama uzi mbovu. Framroze alisimamisha mashine.

"Nenda kwa daktari. Leo. Nitamwambia Lalwani umeme umekatika."

Daktari alikuta kijinyama kwenye nyuzi za sauti. Kitakatwa, alisema, kisha kitapelekwa maabara. Baada ya hapo wiki tatu bila neno hata moja, bila kunong'ona, maana kunong'ona ni kubaya zaidi. Vatsala aliuliza kama sauti itarudi. Daktari alisema inategemea. Aliuliza kama kile kijinyama ni kile ambacho watu hawapendi kukitaja. Daktari akasema hilo nalo litajulikana maabara.

Sinema ya Kanakavalli ilikuwa imeshapigwa picha nusu. Lalwani alitishia kumchukua mwanamke mwingine mwenye sauti nyembamba. Vatsala alipoambiwa, alilia chooni kwa sababu ndiko pekee kulikokuwa na mlango wa kufunga. Hakujua analilia kansa au kazi.

Siku ya nne baada ya upasuaji, varanda ya ghorofa ya tatu ilijaa watu ghafla. Kanakavalli alikuwa akipanda ngazi, amevaa sari ya pamba, amejitanda uso. Hakuna aliyedanganyika.

"Jamani, ni yeye! Anakwenda kwa Karnik!"

"Labda Madhav amemkatia tiketi ya treni."

"Madhav? Hata mke wake mwenyewe hamkatii!"

Mama mkwe aliwafungia mlango usoni. Kanakavalli alivua viatu, akaketi sakafuni jikoni kama aliyezaliwa pale, akamtazama Vatsala mwenye kitambaa shingoni na ubao wa shule mapajani.

"Dada," alisema kwa kile Kihindi chake cha kuchechemea, "miaka kumi na moja nimekuwa nikikopa pumzi yako. Sijawahi kuuliza kama inakutosha. Nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja kuomba unifundishe. Hii sinema nataka niseme mwenyewe."

Vatsala aliuvuta ubao kifuani. Alihisi moto wa hasira. Kwa hiyo ndivyo wanavyokufuta, alifikiri, wanakuja mpaka jikoni kwako wakuombe na kifutio. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Bibie, huyu hajui kama atapona. Wewe unakuja na habari za sinema?"

Uso wa Kanakavalli ulibadilika. "Sikuambiwa. Waliniambia ni mafua." Akajishika mdomo, na machozi yakamtoka. Lakini kilio kilichotoka safari hii kilikuwa chake, kizito, cha kukwaruza, cha mtu wa Kumbakonam. Vatsala hakuwahi kukisikia. Alikitegea sikio kama fundi, bila kutaka, na akajua papo hapo kuwa hakuna kilio alichowahi kuutia uso ule kilichoukaa hivyo.

Akachukua chaki. *Kesho saa nne,* aliandika. *Usichelewe.*

Wakaanza. Mwalimu hakuwa na sauti na mwanafunzi hakuwa na pumzi. Vatsala alimwekea bisi za mchele kiganjani, mbele ya mdomo. Herufi ya pumzi ikitamkwa sawasawa, bisi ziruke. Kama si ya pumzi, zitulie. Kanakavalli alisema "bh" bisi zikalala. Akasema "b" zikaruka hadi kwenye sufuria ya dengu. Vatsala aligonga kijiko: rudia. Mama mkwe alifagia.

"Nilimwoza mwanangu ili nipate mkwe mtulivu," alilalamika, "sasa nafagia mate ya nyota wa sinema."

"Mama, ya sasa hivi ilikuwa nzuri," Kanakavalli alijitetea.

"Ilikuwa nzuri, ndiyo. Imo ndani ya nywele zangu."

Vatsala alitikisika mabega kwa kicheko alichokatazwa. Zilipita siku nzima wakati mwingine bila kukumbuka maabara.

Barua ya maabara ilikuja siku ya kumi na moja. Madhav aliileta kutoka hospitali, naye hakuthubutu kuifungua. Alisimama mlangoni jasho likimtiririka, akampa mama yake, ambaye hakujua kusoma, na mama akampa Kanakavalli. Kanakavalli akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Si kansa," alisema. Kisha kwa nguvu, "Dada, si kansa! Ni nyama ya uchovu tu! Imeandikwa hapa, wewe tazama, si kansa!"

Madhav aliketi chini pale pale kizingitini. Mama mkwe alipafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kitu alichokuwa amekibeba Vatsala tangu Agosti, kizito kama mtungi, kikamshuka begani bila kishindo. Alimvuta Kanakavalli, akamkumbatia, bisi zikamwagika kote.

Lalwani alikubali kwa shingo upande, na kazi ya kuingiza sauti ilifanyika mwezi uliofuata. Vatsala alikaa kwenye kigoda cha nyuma. Kanakavalli alisimama mbele ya kipaza sauti, akasema maneno ya mjane anayeifukuza familia ya mumewe shambani kwake. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu Framroze alizima mashine, akavua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Kuna herufi moja imeponyoka," alisema. "Anayetaka kuirudia, airudie mimi nikiwa nimeshakwenda nyumbani."

Vatsala alitikisa kichwa. Isirudiwe.

Alikuwa amejiandaa kuumia. Badala yake alijikuta anapumua hadi tumboni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya ndani ya chumba kile tangu alipokiingia. Hakukuwa na kitu cha kulinda tena. Kilio kilikuwa na mwenyewe.

Sauti yake ilirudi, imeshuka kidogo, na hakuna aliyeifananisha tena na ya Kanaka. Alirejea redioni mara mbili kwa wiki. Siku nyingine alifundisha: wasichana kutoka Bengal, Kerala na hata mmoja kutoka London walipanda zile ngazi wakiwa na madaftari. Kanakavalli aliigiza miaka tisa zaidi, akaolewa, akarudi kusini. Kila sikukuu ya Divali alituma kahawa ya kusaga, na mama mkwe, aliyedai haipendi, aliinywa peke yake.

Lakini kabla ya hayo yote, sinema ya mjane ilipotoka, Vatsala, Madhav, mama mkwe na Kanakavalli aliyejitanda uso walikwenda siku ya pili, onyesho la saa tisa. Mtu wa viti vya mbele alipiga kelele kwamba Kanaka amepata mafua. Baada ya robo saa hakusikika tena. Mwanzoni kabisa, kati ya majina mengi, yalipita maneno "mwalimu wa matamshi", na baada yake jina la Vatsala, limekosewa mara mbili.

"Wamekuita Vasanti Karnak," Madhav alisema kwa uchungu. "Kesho naenda ofisini kwao."

Vatsala alipasuka kicheko, kikubwa, cha wazi, hadi watu wa mstari wa mbele wakageuka kumtaka anyamaze. Hakunyamaza upesi.