Twaiba na Maji ya Mamake

"Utaanguka humo ndani, tuiache maiti tukupepee wewe," alisema Subira.

"Sitaanguka, mama mdogo."

"Mtoto wa kidato cha tatu hashiki maiti. Tena wewe, unayekimbia hata kuku akichinjwa."

Hilo la kuku lilikuwa dogo. Kinyaa cha Twaiba kilivuma kutoka Mwabungo mpaka Vanga. Pweza wakisikia anapita ufuoni, walijipaka sabuni kwanza. Gilasi ya ugenini aliisuuza mpaka maua yake yakang'oka. Basi shule ilipoanza kuwatuma wanafunzi kuwahudumia wagonjwa vijijini kila Jumamosi, naye akapangiwa Bi Mbeyu aliyepooza upande mmoja, mamake alicheka hadi akakaa chini.

Siku ya kwanza Twaiba alisimama mlangoni, pua kaiziba kwa ushungi, kisha akatapika penye mpapai.

"Mpapai umeshiba, mjukuu wangu," alisema Bi Mbeyu kutoka kitandani. "Sasa njoo unigeuze na mimi."

Akaja, akamgeuza. Taratibu akajua kumwosha mtu chini ya leso bila kumfunua, kupima maji kwa kiwiko, kumwambia kabla ya kumgusa atamgusa wapi. Huduma ya shule ilipokwisha, wenzake walirudi kwenye mpira. Yeye hakuacha kwenda.

Mamake akawa akimtania: "Wa watu unawaosha. Siku yangu mimi je, utaziba pua?"

"Usiseme hivyo, mama."

"Basi niahidi."

Akaahidi huku akicheka, maana mama alikuwa mzima, akikuna nazi. Sasa alikuwa chumba cha pili, amefunikwa leso zake mwenyewe, kaletwa alfajiri kutoka hospitali Msambweni.

"Nilimwahidi, mama mdogo."

"Ulikuwa mzaha, mwanangu."

"Bi Mbeyu nimemwosha mwaka mzima, wala si ndugu yangu. Mama yangu nimwachie nani?"

Subira alijifuta macho kwa pindo la leso. Sauti ilikuwa imemshuka. "Amekuacha mikononi mwangu. Nikikuingiza mle, ukauona uso ule, ukabaki nao maisha yako yote, nitamwambia nini dada yangu? Nitamwambia kwamba—"

Pazia likasukumwa. Bi Dama, mwoshaji wa maiti za wanawake, aliingia na ndoo ya maji yenye majani ya mkunazi. Akaitua, akawatazama.

"Wa kunishikia kichwa ni nani?"

Twaiba alikuwa ameshakunja mikono ya baibui. Subira akasogea kando ya mlango, akampisha.