Pistoni Iliyokuwa Ndani ya Kopo

Mnicheke taratibu, maana nyumbani wameshanicheka vya kutosha. Naendesha lori la kahawa la Mzee Mbwambo, alilolinunua jeshini baada ya vita ya Hitla. Asubuhi huku Mbaga milimani baridi ni kali, na kila nikipiga hendeli kuliwasha, injini inagonga: ko, ko, ko. Tukikaribia Same imeshapata moto, inanyamaza kabisa.

Nikamwambia tajiri kwa sauti ya kitaalamu, "Pistoni imelegea, mzee. Ikipata moto inatanuka, ndiyo maana kelele inaisha."

Akasimamisha safari, kahawa ikabaki ghalani, akamleta fundi kutoka Same.

Fundi akataka kuisikia ikiwa baridi. Nikapiga hendeli, ikagonga. Akafungua boneti, akafungua waya kando ya bomba la moshi, akatoa kopo. Kugonga kukakoma. Ndani mlikuwa na makande ya jana, mahindi na maharage yameganda bonge moja gumu kama jiwe, linalogongagonga kopo mpaka lipate moto lilainike.

Kopo hilo nalifunga mimi mwenyewe kila alfajiri, ili nikifika Same nile cha moto. Hata siku hiyo nililifunga kwa mazoea.

Mzee Mbwambo akanikabidhi kijiko.

"Haya dereva, kula pistoni yako."