Baiskeli ya Adela na Mgomba wa Isingiro

Adela alifika bandani kwangu Omurushaka siku ya gulio, amefunga kanga juu ya gauni, anavuta mbuzi kwa kamba. Mimi nauza baiskeli za mtumba. Wateja wangu wengi ni wabeba ndizi, na mbeba ndizi hana maneno mengi. Anataka keria ya chuma nene na ringi isiyopinda. Huyu mwanamke alizipita baiskeli zote za aina hiyo, akaenda kusimama mbele ya ile iliyokaa kwangu mwaka mzima bila kuulizwa bei, yenye tairi nyembamba kama kidole na usukani uliokunjwa kuelekea chini kama pembe za kondoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo haibebi hata mkungu mmoja, mama. Nakwambia mapema usije ukanilaumu."

"Sibebi ndizi."

"Unabeba nini?"

"Najibeba mwenyewe."

Alinyanyua tairi la nyuma kwa mkono mmoja, akazungusha pedeli kwa mkono wa pili, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza mtoto mwenye kikohozi.

"Mnyororo unaruka."

"Imekaa muda mrefu. Ukiipanda siku mbili unatulia."

"Kama imekaa muda mrefu, basi haitakiwi na watu. Tuanzie hapo."

Nikaona leo nina kazi. Mbuzi alikuwa jike, na tumbo lake nililiona tangu akiwa barabarani, ila nilijitia kutoliona. Nikasema mbuzi amekonda. Adela akanitazama.

"Mzee, usimtazame mgongo. Mtazame ubavuni. Wako wawili humo."

Tulivutana mpaka jirani yangu anayeuza sandali za matairi akaacha kazi yake kusikiliza. Mwishoni alichukua baiskeli, tyubu za akiba na pampu ya mkono, nami nikabaki na mbuzi. Pampu huwa sitoi. Mpaka leo sijui ilinitokaje.

Akiwa anafunga zile tyubu kwenye kiti nilimuuliza baiskeli ya namna hiyo ni ya nini Rugu, kijiji chenye vilima vile. Akanieleza. Bukoba kulikuwa na mashindano yanakuja, triathloni: unaogelea ziwani, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia. Yeye alizaliwa Kemondo, binti wa mvuvi, akajifunza kuogelea pamoja na kaka zake kabla ya kujua kusoma. Aliolewa Rugu na Deodatus, mkulima wa ndizi na kahawa, na tangu hapo hakuwahi kuingia kwenye maji yanayomzidi kimo.

"Kuogelea ninako," akasema. "Kukimbia, shamba limenifundisha. Kinachonishinda ni hiki hapa katikati."

"Na mbuzi ni wa nani?"

"Wa mama mkwe wangu."

"Anajua amekwenda wapi?"

"Ndiye aliyemfungua kamba."

Nilidhani ni uongo, hadi nilipokwenda Rugu kununua maharage nikamkuta huyo mama mkwe. Aliitwa Adelgunda, mjane, nyonga moja imeharibika, mchana kutwa yuko mlangoni juu ya mkeka anachambua maharage. Kibanja chao kilikuwa kizuri. Nasema hivyo mimi niliyepita kwenye vibanja vingi nikitafuta kasoro ili nishushe bei. Migomba ilizunguka nyumba pande zote, mikungu imeinama, na kahawa iko chini yake kivulini. Walikula humo, wakauza humo, na wafu wao walikuwa wamelala humo humo.

Adela alikuwa akiongozwa kwa simu na mwalimu mmoja wa michezo wa Bukoba, ambaye hakuwahi kumwona. Mwalimu alimwambia awe na siku moja ya safari ndefu kila wiki, na kila wiki aongeze kidogo tu, asiruke, na siku inayofuata apumzike. Alianza kwa kwenda Nyakasimbi na kurudi. Alirudi anaikokota baiskeli, mapaja yamekakamaa, watoto wa njiani wanamwimbia. Wiki iliyofuata alirudi amekaa juu yake. Kisha akavuka Nyakasimbi, akafika Kayanga, kisha kwangu Omurushaka. Hapo alikuwa akisimama nimkazie mnyororo, kazi ambayo nilisema itakuwa na malipo na yeye akasema haina kwa sababu uliruka tangu siku ya kwanza.

Kila akirudi, bibi Adelgunda alimuuliza swali lile lile kabla hajashusha mguu.

"Leo umefika wapi?"

Hakutaka jibu la juu juu. Alitaka kujua nani anajenga, kanisa la wapi limebadilishwa bati, maharage ya wenzetu yametoa maua au bado. Tangu nyonga imharibikie hakuwahi kutoka nje ya kitongoji, na sasa alikuwa anatembea kwa miguu ya mkamwana wake. Majirani walisema mama yule amechanganyikiwa, anamruhusu mke wa mwanawe kuzunguka wilaya nzima akiwa amevaa kaptura. Yeye akawajibu kwamba kaptura aliishona yeye. Si kweli, ilinunuliwa kwenye mtumba, lakini jibu hilo liliwanyamazisha.

Siku Adela alipofika Nkwenda na kurudi, bibi alisema, "Baada ya Nkwenda ni Isingiro."

Isingiro ndiko alikozaliwa. Alitolewa kule akiwa binti kuja kuolewa Rugu, na kaka zake walipokwisha hakupata tena sababu ya kurudi. Alimwambia Adela kwamba nyuma ya nyumba ya mama yake kulikuwa na shina la enchoncho, ndizi ya kupika, na kwamba mashina ya migomba hayafi, yanaachiana nafasi tu. Alitaka mche mmoja kutoka shina lile. Mke huzikwa kwenye kibanja cha mume. Hilo alilikubali zamani. "Nitalala kwa watu," alisema. "Kivuli angalau kiwe cha kwetu."

Adela alinisimulia hayo kwenye banda langu, asubuhi akielekea huko.

"Mashindano yenyewe yanataka umbali gani?" nikamuuliza.

"Nimeshauzidi."

"Basi unanunua zaidi ya mahitaji yako. Pumzisha miguu."

"Mzee, baiskeli hii ni mbuzi wake. Hajaniomba kitu kingine."

Alilala Isingiro kwa watoto wa kaka zake bibi, wakamkaribisha vizuri, wakamchimbia mche kutoka shina lile lile. Kesho yake alipita kwangu akiwa ameufunga mgongoni kwa kamba za mgomba, jani lake changa limechomoza juu ya kichwa chake kama bendera.

"Ulisema hubebi ndizi," nikamwambia.

"Huu ni mmoja tu. Tena mdogo."

Jirani yangu wa sandali alicheka sana. Na mimi nilicheka.

Mche ulionekana mzima, na shina ulikotoka lilionekana zima. Deodatus alichonga mizizi yake kwa panga, akaupanda karibu na mlango, mama yake akiwa kwenye mkeka anaelekeza: sogeza huku, fukia vizuri, usibane. Mama alifurahi kiasi kwamba Deodatus akaona asiishie hapo. Kwa panga lile lile akaingia kibanjani, akapogoa majani makavu na kupunguza machipukizi, shina baada ya shina, mpaka kibanja kizima kikawa kimepambwa kama kinasubiri wageni. Panga hakulipitisha motoni kuua vijidudu. Maafisa ugani wamelisema jambo hilo kwenye mikutano hadi wamechoka, na watu hulifanya wanapokata mgomba unaoumwa. Ila huu ulikuwa mgomba wa nyumbani kwa bibi. Nani angeushuku?

Mnyauko ulianza kwa majani. Yalibadilika rangi, yakalegea, yakaning'inia kama nguo iliyoloweshwa. Mikungu michanga ikaiva kabla ya wakati, na ukikata ndizi ndani ni nyeusi. Mgomba ukikatwa unatoa usaha wa manjano. Afisa ugani alikuja, akakata mmoja, akakata wa pili, hakukata wa tatu. Akasema migomba yote ing'olewe na ardhi ipumzishwe, isipandwe migomba tena kwa muda. Baadaye ilisikika kwamba na kule Isingiro nao wanang'oa.

Mashindano yalikuwa yamekaribia. Adela alikuwa ameshamaliza safari zake ndefu zote, mwalimu kwa simu anamwambia sasa apunguze, ale vizuri, alale. Alikuja kwangu anaikokota baiskeli, ingawa matairi yalikuwa mazima.

"Shikamoo, mzee. Naiuza."

"Mashindano je?"

"Yatakuwepo. Nataka mahindi ya kula, na mbegu za mahindi na maharage. Mvua haitusubiri."

Niliichunguza baiskeli, maana ndiyo kazi yangu. Nikasema pedi za breki zimelika. Akasema zimelika kwa vilima, si kwa uzembe. Nikamwambia akashindane kwanza, aniletee baadaye. Nilijua pia kwamba baiskeli iliyotoka kwenye mashindano ya Bukoba itauzika upesi, lakini sikulisema hilo.

"Watoto watakula nini katikati hapo?" akaniuliza. "Na Deo anang'oa peke yake. Anachimba shina moja, anakaa chini. Anachimba jingine, anakaa chini. Nikimwacha nikaenda kuogelea, nitarudi nimkute bado amekaa."

"Bibi anasemaje?"

"Hasemi. Jana nilitoka kuteka maji, nikarudi. Hakuniuliza nimefika wapi."

Tukakubaliana. Nilimpa mahindi na maharage kidogo kuliko alivyotaka, na zaidi kidogo ya nilivyokusudia. Nikachukua baiskeli, kisha nikauliza, "Na pampu?"

"Pampu tulielewana ni yangu."

"Pampu bila baiskeli utaifanyia nini?"

"Ni yangu," akasema, na hapo niliona uso wake, nikaacha kuulizia pampu.

Siku ya mashindano alikuwa shambani anapanda. Najua kwa sababu nilipita Rugu na gari kununua kahawa, na nilimwona ameinama kati ya mashimo ya mashina yaliyong'olewa. Nyumba ilionekana tangu barabarani, kitu ambacho hakikuwahi kuwezekana. Bibi Adelgunda alikuwa mlangoni juu ya mkeka, na jua limemkalia usoni. Hapakuwa na jani hata moja la kumkinga. Nilimsalimu. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, basi.

Alikufa mvua zikiwa katikati. Nilikwenda kuzika, nikapeleka sukari na mchele, maana tulikuwa tumefanya biashara. Walimzika kibanjani kama ilivyo ada, kando ya mumewe, kwenye mahindi yaliyofika magotini. Deodatus alisimama upande wa miguuni ameshika kofia, wala hakumtazama mtu. Wanawake walipoanza kuimba Adela aliimba nao, sauti yake chini kuliko zote.

Yule mbuzi alinizalia wawili, kama alivyosema Adela. Baiskeli nimeitundika kwenye msumari na haijapata mtu, kwa hiyo mahindi na maharage yangu bado yananing'inia pale ukutani. Yeye mavuno yake yalimfikisha msimu uliofuata. Ardhi inapumzika. Ziwa hajaliona.

Juzi, siku ya gulio, alipita na kapu la maharage kichwani, akanisalimu. Akalitua. Alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akaliminya tairi la mbele kwa kidole gumba, likabonyea.

"Ukiiacha hivi tairi litapasuka kwenye ringi," akasema.

Akapekua chini ya maharage, akaitoa pampu. Akajaza tairi la mbele, akajaza la nyuma, akayaminya yote mawili mpaka akaridhika. Kisha akairudisha pampu ndani ya kapu, nikamtwisha, akaenda zake gulioni.