Ndoo ya Mama kwenye Sakafu ya Mbao

Mama yangu aliteleza kwenye vigae vya bafuni kwake Nyakabanda, akaumia nyonga. Alipoanza kutembea tena nikamsihi ahamie kwangu Kinyinya, humuhumu Kigali, maana kila nilipomfikiria peke yake mle bafuni usingizi ulinipaa. Akakubali kwa sharti moja: hakanyagi kigae tena maishani.

Basi nikaweka mbao nyumba nzima, mpaka jikoni na bafuni. Majirani walinicheka waziwazi. Mbao bafuni! Lakini hizi zilikuwa mbao za tabaka: juu mti halisi, chini vipande vyembamba vilivyogandishwa kwa gundi ili visipindepinde ovyo. Fundi, aliyetoka Gikondo na pikipiki iliyojaa makopo ya vanishi, aliziba kila ufa, kisha akaniinulia kidole.

"Dada, hii mbao iko nguvu. Maji kidogo ikianguka, unapangusa, hakuna shida. Lakini maji ya ndoo, oya, hapana. Itavimba."

Hapo ndipo nilipopatikana. Mama amelelewa Karagwe na kuzeekea Kigali, na pote alipoishi usafi ulikuwa kitu kimoja: unamwaga ndoo, unasugua kwa sabuni, kisha unasukuma maji nje kwa rakleti, ule mpira mpana wenye mpini. Kwake sakafu isiyomwagiwa maji ni sakafu chafu iliyojipaka mafuta. Nikazificha ndoo, nikamkabidhi kitambaa kilichokamuliwa. Alikishika kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa.

Wiki zikapita. Mama akawa anakaa kwenye kochi, mikono mapajani, akishukuru kwa kila kikombe cha chai. Mama yangu, kunishukuru mimi! Nilichukia.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliniambia siku moja. "Mimi nimeshahesabu mwezi. Jembe langu liko wapi?"

"Pumzika, Mama."

"Nitapumzika kwangu Nyakabanda."

Nilijua hatanii. Chumba chake cha kupanga bado alikuwa hajakirudisha, na vigae vyake vilikuwa vikimngoja.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja. Mtaa mzima tulitoka na majembe kuchimba mfereji, maji ya mvua yasiingie majumbani mwa watu. Nikachimba kwa bidii, nikasifiwa. Narudi nyumbani, nakuta maji yanatoka kwa mlango wangu wa jikoni, meupe kwa povu. Ndani, Mama amejifunga kitenge kiunoni, rakleti mkononi, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke. Ndoo aliiazima kwa jirani, na nadhani ni yule aliyecheka kuliko wote.

"Mama! Unaniharibia nyumba!"

Wimbo ukakatika. Akaegemeza rakleti ukutani taratibu.

"Kweli," akasema. "Ni nyumba yako."

Akaenda chumbani. Nikasikia zipu ya begi.

Nilisimama pale miguu imelowa, hasira yote imeniishia, nikaona uchungu kuliko nilivyouona hospitalini siku ile alipoumia. Kisha nikaijaza ndoo, nikaibeba mpaka bafuni, nikafumba macho, nikamwaga.

"Mama! Huku bado!"

Halafu nyayo zake, polepole, zikasimama nyuma yangu. Akatazama dimbwi, akanitazama mimi.

"Unamwagaje maji kama mtu anayezima moto? Na sabuni iko wapi? Lete hapa."

Begi lilirudi juu ya kabati siku hiyohiyo, na chumba cha Nyakabanda kikapata mpangaji mwingine. Siku hizi tumepatana: kila siku kitambaa, Jumamosi ndoo. Mbao hazikuafiki. Karibu na sinki ubao mmoja umeumuka kama andazi, na wageni hujikwaa.

Majuzi nilimwita fundi autazame. Akapiga magoti, akaupapasa, akashika kichwa.

"Nani amefanya hii?"

"Mwenye nyumba," nikamjibu.

Na mwenye nyumba, rakleti mkononi, akamwambia kutoka mlangoni avue viatu kwanza, sakafu haijakauka.