Mtani Niliyemfukuza Arobaini ya Baba

Kule Denmark kuna likizo ya wiki moja mwezi wa kumi, wakati majani yanaanguka. Nikaiunganisha na wiki yangu nyingine ya akiba, nikapanda ndege kuja Singida kwa arobaini ya baba. Ulikuwa mwaka 1993, na sikuwa nimekanyaga nyumbani kwa miaka kumi na miwili.

Dada yangu Rahma alinipokea stendi. Jua lilikuwa la saa saba mchana, nami nimevaa koti la ngozi, maana bila koti nani angejua kuwa natoka Ulaya? Akaniuliza likizo yenyewe ni ya nini. Nikamweleza habari za majani.

"Huku majani yalishaanguka tangu mwezi wa saba," akasema, "na hakuna aliyetupa likizo."

Duka la baba pale Utemini nililiacha lina viberiti, chumvi na kalenda ya mwaka uliopita. Sasa lina sabuni za aina nane, betri, soda, mafuta ya nywele, na nguo za mitumba zimening'inizwa hadi barazani. Rahma alinitembeza humo kwa majivuno, utadhani ruksa ya biashara aliitoa yeye. Nilisifu kila kitu, kisha nikamshauri apange bidhaa kama wanavyopanga Ulaya. Akaendelea kumhudumia mteja. Sikuwa nimemaliza hata saa mbili nyumbani na tayari nilikuwa nachosha watu.

Mama alikuwa edani, amekaa chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama uani, pazia limeshushwa. Nilikaa naye siku mbili. Aliniuliza kama nakula, nikasema nakula. Nilimuuliza kama analala, akasema analala. Wote wawili tulikuwa tunadanganya.

Siku ya arobaini uani palijaa. Khitma ikasomwa, dua ikaitikiwa, sahani za pilau zikaanza kupita. Mimi nilikaa mbele, mtoto wa kwanza wa marehemu, uso nimeukunja ipasavyo. Ndipo geti likafunguliwa, akaingia mzee mmoja mrefu, amevaa kanzu ya baba, kofia ya baba, na fimbo ya baba mkononi. Anaburuta mguu wa kushoto. Mdomo kaupinda upande mmoja.

"Mimi nimekwenda chooni mara moja tu," akasema kwa sauti nzito, "narudi nakuta mnakula pilau yangu. Nani kawaambia nimekufa?"

Watu wakaanza kucheka. Mimi damu ikanipanda kichwani. Kwanza, baba yangu hakuwa na kilema chochote. Pili, yule mtu alishainama juu ya sahani yangu na kuchukua pande langu la nyama. Nikainuka, nikamkamata ukosi wa kanzu, nikamkokota hadi nje na kulifunga geti. Nikarudi kukaa nikitegemea kushukuriwa.

Hakuna aliyenishukuru. Watu waliinamia sahani zao. Walioshiba waliaga, na ambao hawajashiba waliaga pia. Kisha Rahma akatoka chumba cha nyuma na sahani ya mama, haijaguswa.

"Unajua umemfukuza nani?" akauliza.

"Mlevi."

"Lazaro. Mtani wa baba."

Sasa hapa niseme ukweli wangu wote. Babu yetu mzaa baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Lazaro ni Mgogo wa Manyoni. Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Mtani ana haki ya kumwigiza marehemu, kuvaa nguo zake, kula chakula chake na kuwatukana wafiwa mpaka wacheke, ili kilio kipate kuisha. Haya nilikuwa nayajua tangu mtoto. Nilichojifunza ugenini ni kupanga foleni na kukasirika kistaarabu, na hapa katikati nikasahau lile ambalo kila mtoto wa Utemini analijua.

"Na ule mguu?" nikauliza. "Baba hakuwa anachechemea."

Rahma akakaa kwenye mkeka. Akaniambia baba alipata kiharusi mwaka 1989. Upande wa kushoto ulikufa. Kwenye barua waliniandikia "mzee anaendelea vizuri", kwa sababu baba mwenyewe aliwakataza kusema zaidi. Miaka minne alitembea vile vile kama alivyotembea Lazaro getini. Nami nilimtazama akija, mguu kwa mguu, na sikumtambua.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Huko Denmark kazi yangu ni kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nawajua kwa mwendo wao nikiwa nyuma ya mlango.

Rahma akaendelea kunisimulia, nadhani kwa kunionea huruma au kwa kunikomoa. Lazaro alikuwa fundi wa reli Itigi. Baba alikuwa akienda huko kupokea mizigo kwenye treni, na siku ya kwanza tu Lazaro alimwita mpagazi, kama Wanyamwezi wa misafara ya zamani, akakalia gunia lake la sukari na kukataa kuinuka mpaka alipwe. Wakatukanana kwa miaka thelathini. Mwaka 1983, wenye maduka walipokuwa wanasakwa kwa kuficha bidhaa, baba alimpelekea katoni sita za sabuni azifiche. Askari walipokuja Lazaro alizikalia, akawaambia ni vitabu vya nyimbo vya kanisa. Mambo yalipotulia baba alizikuta katoni nne. Lazaro alieleza kwamba mbili zimetumika kwa kazi ya Mungu, maana kanisa zima sasa linanukia vizuri.

Na baada ya kiharusi, baba alikaa kitandani miezi miwili, amegeukia ukutani. Hospitali walishafanya yao. Lazaro akawa anakuja kila wiki kutoka Issuna, alikohamia baada ya kustaafu, na kuku mkononi. Anasimama mlangoni na kusema, "Mnyamwezi gani huyu anashindwa kubeba hata mguu wake mwenyewe?" Mara ya tano baba aliinuka kwa hasira ili ampige. Hakumfikia, lakini alisimama.

Nikaenda dirishani kwa mama. Sikumwona uso.

"Arobaini haijaisha," akasema. "Nilikuwa namsubiri Lazaro ili nimwone baba yako akitembea mara moja tena. Alipofika getini tu, ukamtoa. Ukiondoka Jumapili hivi hivi, utakuwa umeondoka na kilio chetu kwenye begi lako."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nilidandia lori la vitunguu hadi Issuna. Ilikuwa siku ya mnada, na mkewe Lazaro, mama mmoja mfupi aitwaye Damari, alinielekeza sehemu ya kuku. Lazaro alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bado na kanzu ya baba, ukosi umechanika, mbele yake matenga mawili ya kuku. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikaanza hotuba niliyoiandaa njiani. Nilisema najuta, nilisema nimekosa adabu, nilisema naomba radhi kwa niaba ya familia nzima. Ilikuwa hotuba safi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mzee."

"Kwanza ulinifukuza. Sasa umekuja huku kunitukana."

Damari, aliyekuwa anafunga kuku miguu, ndiye aliyenihurumia.

"Mtani haombwi radhi, mwanangu. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba yeye ni mtu baki."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Mtukane."

Nikajaribu. Nikamwambia Lazaro kuwa yeye ni mtu mbaya. Muuza kitunguu wa jirani akaziba uso kwa khanga akicheka. Nikajaribu tena, nikamwambia kuku wake wamekonda.

"Ndiyo matusi ya Ulaya hayo?" Lazaro akauliza. "Ndiyo maana hawana watani."

Akanipa adhabu. Akasema Mnyamwezi hajui kufikiri bila mzigo kichwani, kwa hiyo nibebe tenga moja la kuku, nizunguke nalo mnada mzima, nikifika kwa kila mfanyabiashara niseme, "Mpagazi nimerudi kazini." Nilifikiri anatania. Kisha nikakumbuka kwamba bila shaka anatania, na kwamba hilo ndilo jambo zito lenyewe. Nikavua koti, nikabeba.

Lile tenga lilikuwa na kuku kama kumi na tano, na hakuna hata mmoja aliyeheshimu shati langu. Nilizunguka kwenye vitunguu, kwenye mbuzi, kwenye mitumba, kwenye sufuria. "Mpagazi nimerudi kazini." Wazee walinijibu karibu kazini. Akina mama waliniuliza mshahara wangu. Muuza mitumba mmoja alitaka kujua kama viatu navyo vinauzwa. Jua linawaka, upepo wa Oktoba unanipiga vumbi machoni, na kitu cha uvuguvugu kinanitiririka shingoni. Nilipofika kwa Lazaro mara ya pili nikatua tenga mbele ya miguu yake, na maneno yakatoka yenyewe.

"Wewe Mgogo," nikasema, "umezaliwa na kopo mkononi. Mkunga alikuwa bado hajakukata kitovu ukamwomba nauli. Sabuni ya baba yangu uliila, ndiyo maana mpaka leo ukiongea unatoa mapovu. Pilau ya arobaini umeikimbilia kutoka Issuna hadi Utemini, na kwenye mazishi ya baba yako mzazi ulichelewa kwa sababu walipika mlenda tu. Vua kanzu ya baba yangu uifue kabla haijaanza kuomba omba yenyewe."

Nikadhani sasa nimeharibu kabisa. Lazaro akainuka taratibu kutoka kwenye ndoo. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mama Stefano," akamwambia mkewe, "marehemu Abdulhamidi ameacha mtoto." Kisha akanigeukia. "Nauli ya kwenda Utemini utalipa wewe. Na kuku huyu jogoo umemnunua, ingawa hujui bado."

Ijumaa baada ya sala watu walirudi uani. Hawakuitwa, waliambiana. Lazaro aliingia na kanzu ile ile, ukosi umeshonwa na Rahma. Safari hii nilikaa nikatazama.

Alitembea. Fimbo kwanza, kisha mguu mzima, kisha ule mwingine ukifuata kwa kuburuzwa, ukichora mstari vumbini. Alifika kwenye mtungi akanywa maji, mengine yakamwagika upande uliopooza, akageuka haraka kuona kama kuna aliyemwona. Aligombana na kitufe cha kanzu. Alimkaripia jogoo asiyekuwepo. Nyuma ya pazia nilimsikia mama akisema, "Siyo hivyo, Lazaro, fimbo alikuwa anaishika juu zaidi." Lazaro akaupandisha mkono. Nilimwona baba akizeeka mbele yangu kwa robo saa, miaka minne ambayo sikuiona, na nilitaka asifike mwisho.

Akafika mlango wa duka. Akaegemea fremu, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama upande wa stendi.

"Gari la Dodoma limeshafika?" akauliza.

"Limefika, mzee," ua mzima ukaitikia.

"Limeshusha nani?"

"Hajashuka mtu, mzee. Labda kesho."

Hakuna aliyekuwa amewafundisha jibu lile. Watoto walilijua, muuza maji alilijua, na Rahma aliitikia pamoja nao. Akaninong'oneza kwamba kila jioni baba alisimama pale akauliza hivyo, na yeyote aliyekuwa anapita alimjibu hivyo hivyo.

"Haya," akasema Lazaro, "kesho." Akaanza kugeuka, mguu kwa mguu.

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama katikati ya ua.

"Nimeshuka mimi, baba," nikasema. "Shikamoo."

Lazaro akasimama. Hakuiacha fimbo, hakuunyoosha mdomo. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Marahaba," akasema. "Na juzi nilipokuja ukanitoa nje kwa ukosi. Ulidhani mimi ni nani?"

Mama alikuwa wa kwanza kucheka, nyuma ya pazia, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, na ua mzima ukamfuata. Mimi nililia. Lazaro, bado amevaa kanzu ya baba, akanitoza kuku wa pili kwa kosa la kulia bila ruhusa ya mtani.